Sufuria na Ndoto za Gustave

Jumatatu, 4 Agosti
Nafasi ya msimamizi wa zamu ya mchana imetangazwa. Moja tu. Mtihani Ijumaa: sheria za moto, funguo na milango. Lazima niipate. Kidawa anakuja kutoka Tanga mwezi ujao. Siwezi kumleta mke wangu Johannesburg alale peke yake, mimi nalinda ghala la sofa hadi asubuhi.

Tatizo ni Gustave wa Lubumbashi. Tunalinda pamoja usiku, tunalala mchana chumba kimoja hapa Bertrams. Anasoma mno. Ananiita yaya, yaani kaka mkubwa kwa Kiswahili cha kwao, kwa adabu kabisa. Inaniudhi.

Jumanne, 5 Agosti
Nimezungumza na Bushra, binti wa mwenye nyumba, anasomea uuguzi. Kasema usingizi una hatua. Kwanza huja ule mzito, mwili unajikarabati. Halafu usingizi wa ndoto, macho yanacheza chini ya kope, na hapo ubongo hupanga uliyosoma na kupoza hasira. Ukimkatiza mtu hapo, somo linavuja.

Nikashukuru kwa upole. Usingizi mzito wa Gustave sitaugusa. Mimi si mtu mbaya.

Jumatano, 6 Agosti
Nimekaa kitandani namchungulia. Kakoroma weee. Kisha kimya, macho yakaanza kucheza. Nikaangusha sufuria. Akashtuka, nikasingizia paka. Akalala, yakacheza, sufuria tena. Mchana kutwa hivyo. Akanipa pole, eti paka huyu ananitesa.

Mimi sijalala. Si kitu.

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa. Gustave anazikumbuka ndoto zote! Kaota anazima moto ghalani, na mtungi kashika ule ule wa kitabuni. Kaota funguo. Jana jioni kazisimulia kwenye maombi ya kanisani kwao, sasa wanamwita mwonaji. Mama Jocelyne wa huko kanisani kamletea kuku mzima.

Nikamkimbilia Bushra. Kasema ndivyo ilivyo, anayeamshwa katikati ya ndoto huikumbuka. Mbona hakuniambia? Eti sikuuliza. Akanitazama macho, akataka kujua nimelala lini mara ya mwisho. Nikaaga.

Eish. Nikiangusha sufuria, anakuwa nabii. Nisipoangusha, anakuwa msimamizi. Nimekesha mchana wote nikiwaza lipi bora.

Ijumaa, 8 Agosti
Mtihani. Swali la kwanza, mitungi ya kuzimia moto. Nikalisoma vizuri. Kisha nikaona mtu ananitikisa bega, anakusanya karatasi. Nilikuwa nimeandika jina langu, nalo nusu. Shavuni nina wino.

Jumapili, 10 Agosti
Gustave kapata. Badala ya kumpongeza nikamfokea kwa ajili ya kijiko cha chai, kisha nikalia. Namwona Kidawa peke yake chumbani, katika baridi hii, akiusikiliza mji asioujua. Gustave akanifunika blanketi lake. Akasema anatafutwa pia msaidizi wa mchana, mtihani Ijumaa hii, na jina langu keshalipeleka. Ameniomba jambo moja tu: yaya alale. Bushra naye kasema hivyo hivyo: nilale tu, mwili na ubongo vinajua pa kuanzia.

Nilale tu! Hivi hivi, bila mpango. Watu wengine hawafikirii. Gustave alifaulu kwa nini, kama si sufuria? Nimetega simu ilie kila nusu saa, inidake katikati ya ndoto. Ikishindwa, sufuria iko pembeni kabisa ya meza, nimeifunga kwa kamba kwenye kidole changu cha mguu.