Kikombe cha Kumi Bure

Mzee wa Mipango hakuwahi kulipia kahawa maishani mwake, lakini alipoiona ile kadi mkononi mwa karani wa benki, mate yalimtoka. Ilikuwa ya ule mgahawa wa kahawa wenye tawi kila kona ya mji: nunua vikombe tisa, upigiwe mihuri tisa, cha kumi bure.

“Kaka, hicho cha kumi unakipataje?”

“Navumilia tisa vya kwanza.”

Kuvumilia! Binadamu anateseka hivyo na Mzee wa Mipango yupo? Jioni hiyohiyo, kwa huruma tupu, aliuza friji. Friji lilikuwa la mkewe, aliyekwenda kwa mama yake hadi Jumamosi. Alimpenda sana mkewe, ndiyo maana alipanga kumnunulia jingine kubwa zaidi kabla hajarudi. Akirudi alikose, ndoa imekwisha.

Akabeba kadi moja ya mfano hadi kwa mchapaji hodari kuliko wote mjini, maana yeye hakupenda kazi ya kulipua.

“Nataka maboksi matatu ya kadi kama hii, mihuri tisa ikiwemo.”

Mchapaji akaitazama kadi, akamtazama na yeye. “Lipa zote kwanza, bosi.”

Kadi zikatoka safi, huwezi kuzitofautisha na zenyewe. Kesho yake akauza chache mlangoni pa benki kwa bei ya kutupa, na kabla jua halijakolea foleni ya mgahawa ikafika barabarani. Akaingia kuitazama kazi yake, kifua mbele.

“Bosi, njoo ofisini,” akaitwa na meneja, mwanamke mpole wa kutisha.

Akaingia huku akiutazama mlango. “Dada, mimi napita tu.”

“Kaa. Nataka kukushukuru. Mtu haji kunywa cha bure peke yake, huja na mwenzake anayelipa, na wote wawili hutamani keki. Keki zangu zimeisha asubuhi hii! Kuanzia kesho kadi tunazigawa bure mlangoni.”

“Bure? Na maboksi yangu?”

“Ndiyo hayo tutakayogawa. Mchapaji wako ndiye anayetuchapia sisi siku zote, tena ni mdogo wangu. Alinipigia simu hata hujatoka dukani kwake. Nikamwambia akuchapie, maana makao makuu wameninyima pesa ya matangazo.”

“Dada, hilo ni friji la mke wangu!” Akalia kweli, bila mpango wowote.

Meneja akamwonea huruma, akampa kibarua.

Jumamosi alisimama mlangoni ndani ya kikombe kikubwa cha sponji, mfuniko kichwani, akigawa kadi. Mkewe akatokea na begi lake, macho mekundu.

“Asante, Kikombe. Hujamwona mwanamume mmoja mrefu, maneno mengi? Ameuza friji langu.”

Kikombe kikatikisa kichwa.

“Ukimwona mwambie arudi nyumbani. Mimi simpigi.”

Machozi yakamtoka humo ndani. Akashika mfuniko avue.

“Atakayempiga ni mama. Nimekuja naye, yule pale anavuka barabara.”

Kikombe kikabana mfuniko vizuri, kikampa kadi ya pili, ya mama mkwe.