Sarafu Yenye Upande Mtupu

Jumatatu, 3 Machi
Bahati hiyo! Kwenye chenji ya sabuni nimepewa sarafu yenye ndege upande mmoja, na upande wa pili karibu mtupu. Kivuli tu cha nambari. Kiwanda kimeteleza! Nimempigia simu mzee wa duka la sarafu kuukuu. Kasema niipime. Ikiwa mtu kaikwangua, itakuwa nyepesi. Ikiwa ni mashine haikugonga sawasawa, chuma chote kipo, na uzito ni uleule wa wenzake. Akaongeza nisiiguse, hata kuifuta vumbi. Wivu.

Jumanne, 4 Machi
Sina mizani. Sonara jirani anayo ya kupimia pete, ila kataka rehani ndipo aniazime. Mke wangu yuko kwa mama yake mpaka Jumamosi, na cherehani yake imekaa tu. Kweli, aliniachia maagizo: sare za shule zinaisubiri, niitunze kama mboni ya jicho. Nimeitunza. Nimeipeleka kwa sonara, mlango wake una kufuli mbili.

Uzito ni uleule! Nikapiga ukelele. Shemeji, kaka wa mke wangu, akachungulia dirishani akauliza kama nimejifungua. Fundi wa kuchomelea huyo, anajua nini? Nimefunga pazia.

Jumatano, 5 Machi
Kivuli kinaninyima raha. Watu watasema sarafu imechakaa tu. Kosa likiwa safi, bei itapanda. Nimeipiga msasa kidogo. Kidogo tena. Sasa inang'aa kama sahani. Nimejipongeza kwa chai.

Alhamisi, 6 Machi
Mzee wa sarafu kaipima. Kauliza nani kaipiga msasa. Nikasema kiwanda. Kauliza tena, taratibu, kama anamsemesha mgonjwa. Eti kivuli kile ndicho kilichokuwa ushahidi wenyewe! Juzi angeinunua kwa bei ya pikipiki. Leo itanunua kiberiti, muuzaji akiwa haoni vizuri. Nimetoka kichwa juu. Nimejigonga mlangoni.

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudisha mizani. Sonara kasema imepinda. (Niliiegemea kidogo, kwa furaha.) Mpaka itengenezwe, cherehani haitoki, na mkewe ameshaanza kushonea mapazia. Shemeji kacheka hadi akakaa chini. Kasema dada yake angeniweka rehani mimi, ila nani angepokea?

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu karudi. Kaitazama meza tupu. Nikamweleza yote. Hakufoka. Alikaa, akapakata kitambaa, akaanza kushona sare kwa mkono. Anajichoma vidole, anaendelea. Roho imeniuma sana. Heri angenitukana. Nimeapa: cherehani itarudi, liwalo na liwe!

Kanituma uzi dukani. Kwenye chenji, lahaula! Sarafu ambayo ndege wake amepinda shingo. Hii siigusi kabisa. Ila lazima ipimwe. Sonara ana mizani ya pili, na atataka rehani ya pili. Nimemchungulia mke wangu. Sare bado mbichi, hata moja haijaisha, kwa hiyo pasi yake haina kazi. Nimeshaifunga kwenye gazeti.