Magunia Yaliyofungwa Mikanda

Jumatatu, 5 Mei

Limefika! Gari jeusi, refu, la Kijerumani, viti vya ngozi. Limeegeshwa mbele ya nyumba yetu hapa Suna na kuku wamekosa pa kupita. Mimi si mtu wa maneno. Darasani sijainua mkono tangu mwaka uanze. Lakini humu ndani napiga kelele nitakavyo, na leo napiga hii: HAKUNA ATAKAYENIITA OMENA TENA!

Kwa miaka yote Baba amekuwa akinunua omena, dagaa wa ziwani, kule Homa Bay, na Mama akiziuza sokoni Migori. Kila asubuhi Baba alinishusha shuleni kwa Probox, gari letu la mizigo lililonuka ziwa zima. Ndipo Kidato cha Tatu kizima kikanipa jina. Hata rafiki yangu Marcella, ambaye jioni hula omena zetu hadi vichwa.

Basi likizoni nikamwandikia Baba insha ndefu. Hoja kuu: nimesoma kwamba kule Ujerumani magari haya ni teksi. Kama Mjerumani hulitumia kila siku mvua na jua, sisi tuna nini? Baba alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akasema kumsomesha mtoto halafu usimsikilize ni kutupa karo. Probox akamuuzia jirani yetu, Mzee Nyamongo. Dalali Onchiri akatuletea hili kutoka Kisumu, akiapa kwamba mwenyewe alikuwa daktari aliyeliendesha kwenda kanisani tu.

Mama alilitazama kwa muda mrefu. Akauliza swali moja: gunia linakaa wapi?

Swali la mtu asiyependa maendeleo.

Jumamosi, 10 Mei

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Safari ya kwanza ya kazi, mimi na Baba. Huko Homa Bay buti lilimeza magunia mawili, la tatu likakataa. Yaliyobaki tukayapakia nyuma, juu ya ngozi. Tulipoondoka tu, gari likaanza kulia. Ting! Ting! Ting! Nikafungua kitabu cha mwongozo. Gari linadhani magunia ni abiria! Tukashuka, tukayafunga mikanda moja baada ya jingine, kama watoto wa chekechea. Likanyamaza.

Lakini hilo si kitu. Jerusha! Mama huyu amemuuzia Baba omena tangu sijazaliwa, na siku zote humwita Wuon Lynnet, baba yake Lynnet, ndiye mimi. Leo kamwita Mheshimiwa. Kisha kapandisha bei. Baba alipolalamika, wanawake wote wa ufuoni wakaangua kicheko. Yawa, jamani, Mheshimiwa, nasi tule kidogo! Mtu mwenye gari hili anagombania omena?

Njiani polisi walitupigia saluti. Baba akateremsha kioo awasalimie. Harufu ikatoka. Saluti ikashuka polepole.

Mama alipoona magunia machache namna ile, akayahesabu mara mbili. Ananiudhi sana anapohesabu.

Jumanne, 13 Mei

Limelala! Tumbo chini kabisa, kama ng'ombe aliyekataa mnada. Eti gari hili halisimami kwenye springi, linasimama kwenye mifuko ya hewa, na hewa imeondoka. Imekwenda wapi? Hakuna ajuaye.

Fundi Chrispine alifungua boneti, akakuta kifuniko cha plastiki mahali alipotarajia injini. Akavua kofia kama aliyefika matangani. Akakigonga kidogo. Akasema hii inataka kompyuta. Kitabu cha mwongozo nacho kinasema tuwasiliane na muuzaji wetu. Muuzaji wetu ni Onchiri. Simu ya Onchiri imezimwa.

Mama akafunga gunia nyuma ya bodaboda, akaenda zake sokoni.

Wakati huohuo, nani alipita? Probox yetu! Imeoshwa! Ndani yake Gisiri, mtoto wa Mzee Nyamongo, tunayesoma naye darasa moja. Akamsimamisha babake, akateremsha kioo, akauliza kwa adabu kama tungependa kusukumwa. Kwa adabu! Angenicheka ningejua la kufanya. Nikamwambia tunalipumzisha.

Kabla ya chakula cha mchana likainuka lenyewe. Baba akasema unaona, lilikuwa limechoka tu.

Jumamosi, 17 Mei

Mazishi ya ami yake Baba, Homa Bay. Hatukuwa na mpango wa kupeleka gari. Lakini habari za gari hutangulia gari. Ukoo ulipiga simu: askofu atapanda nini, na jamaa yetu ana ndege ya ardhini?

Tukaosha. Tukapulizia marashi ya Mama, chupa nzima. Askofu akaketi nyuma kwa heshima zote, na msafara ukaanza kutoka mochari, sisi mbele. Baada ya kona ya kwanza akateremsha kioo. Baada ya ya pili akatoa kichwa nje. Waombolezaji wakadhani anawabariki, wakapunga mikono.

Tulipofika bomani, wakaja paka. Mmoja, kisha wenzake, kisha paka wa majirani. Wakaketi wakilizunguka gari, wametulia kuliko waombolezaji.

Sasa sikiliza jambo la kukasirisha. Baba zamani alikuwa akikaa nyuma ya hema na wanaume wenzake, anakula, anarudi nyumbani. Leo wameshamwita meza kuu. Wamempa kipaza sauti. Mfawidhi akatangaza kwamba wuon gari, mwenye gari, ana neno kwa familia. Baba akakohoa. Akaahidi fahali wa kumbukumbu.

Hatuna fahali! Hatujawahi kuwa na fahali!

Niligeuka nimtazame Mama. Alikuwa anahesabu nguzo za hema.

Jumatano, 21 Mei

Mambo ni mabaya sokoni. Meza ya Mama iko nusu tupu. Jerusha bado anauza kwa bei ya waheshimiwa, na siku gari likilala hatuendi kabisa. Wateja wameanza kuhamia meza ya pili. Ya nani? Ya Bhoke, mke wa Mzee Nyamongo! Aliuza mahindi maisha yake yote. Sasa ana Probox, ana omena. Kwa gari letu! Mama alisema leo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hali ikiendelea hivi ataiachia meza hiyo mwisho wa mwezi. Ni meza aliyorithi kwa nyanya yangu.

Mimi siwezi kuruhusu. Nimefikiri. Tatizo si gari, tatizo ni harufu. Likinukia vizuri, Baba atalikodisha kwa maharusi, na maharusi watatulipia kila kitu. Nikaenda maktaba. Kitabu cha kemia kinaeleza kwamba harufu ya samaki ni besi, na besi huuawa na asidi. Siki ni asidi. Kemia haidanganyi!

Nikamwaga siki viti vyote.

Kemia haidanganyi, lakini haikutaja nyaya. Kumbe chini ya ngozi kuna kifaa cha umeme cha kupasha makalio ya Wajerumani wakati wa baridi. Siki imekiwasha, na hakizimiki. Kiti cha nyuma kinafoka moto. Chembe zote za omena zilizojificha kwenye mishono zinakaangika.

Jirani mmoja alichungulia uani akauliza tumeweka nyanya au bado.

Ijumaa, 23 Mei

Siku ya Wazazi. Siku ambayo kwa ajili yake gari lilinunuliwa. Siku ya kulipiza kisasi!

Mpango: kuingia wakati wa gwaride, polepole, vioo vyeusi vimefungwa. Nishuke bila kumtazama mtu.

Baba akasema tupitie sokoni kwanza tushushe magunia. Tukachelewa. Akasema basi tutashusha baadaye. Kwa hiyo nilifika Siku ya Wazazi nimeketi katikati ya magunia mawili, sote watatu tumefungwa mikanda, juu ya kiti kinachochoma. Mama alikuwa mbele, ameshika mkoba wake.

Langoni gari likashusha pumzi. Haaaa. Likalala. Katikati ya lango! Nyuma yetu wazazi wakapiga honi. Mbele yetu shule nzima, kwenye mistari. Paka wa jikoni akaja mbio, mkia juu.

Mlango wangu ukagoma, chini umekwama kwenye changarawe. Nikatokea dirishani. Sketi ikiwa na moshi kidogo.

Ndipo Marcella, kwa sauti ya mfawidhi: karibu, Mheshimiwa Omena!

MHESHIMIWA OMENA. Nimetoka Omena nikapandishwa cheo!

Mzee Nyamongo ndiye aliyetuvuta, kwa kamba ya kufungia ng'ombe wa mnada wa Ogwedhi. Kwa Probox yetu. Gisiri alisukuma kwa nyuma, viatu vyake vya Siku ya Wazazi ndani ya matope. Hakucheka hata kidogo. Sitamsamehe.

Jumapili, 25 Mei

Gari limekufa rasmi. Fundi Chrispine alikuja akalitazama, akakataa hata chai.

Mama ametoa uamuzi bila kumwandikia mtu insha. Jana alikwenda kwa Bhoke na kilo ya sukari. Wamekaa muda mrefu, wamecheka sana. Matokeo: Mama atakodi Probox kwa Bhoke, atakwenda mwenyewe Homa Bay, na meza zao mbili zitaunganishwa. Leo amekwenda. Jerusha alimwita Min Lynnet, mama yake Lynnet, akampa bei ya zamani na omena mbichi za nyongeza kwa sababu mvua imekataa zikauke.

Mbichi. Mama aliporudi akafungua gari la Kijerumani, akatandaza omena juu ya kile kiti kinachowaka, juu ya dashibodi, hadi kwenye kioo cha nyuma. Akafunga milango. Jioni zilikuwa kavu, zinalia kama majani. Mvua nje, paka nje, vioo vyeusi. Bhoke ameleta zake pia. Kesho kuna wanawake wengine wamepanga foleni.

Meza imepona. Kila mtu ana furaha isipokuwa mimi. Nitashushwa wapi kesho? Langoni, na Probox, kando ya Gisiri!

Hapana. Nimetafakari kosa letu na sasa liko wazi: lile gari lilikuwa CHINI mno. Nimesoma kuhusu aina nyingine, gari la Kiingereza, refu kwenda juu. Kule Uingereza wenye mashamba hubebea kondoo ndani yake, na bado maharusi hupanda. Kama kondoo, kwa nini si omena? Onchiri amewasha simu. Analo moja, lilikuwa la mchungaji.

Insha imekamilika. Baba ameshavaa miwani, yuko ukurasa wa pili, anatikisa kichwa kwa kukubali.

Mama ameita kutoka jikoni. Anauliza, gunia linakaa wapi?

Safari hii nimejiandaa. Ukurasa wa tatu, nimechora.