Bega la Bunduki ya Pili

Jumatatu, 4 Julai 1994

Mzee Luhende amenijibu. Hapokei mshenga wa mtu ambaye kazi yake haijulikani. Nikamwambia niko kwenye biashara. Akauliza biashara gani. Nikasema ya hapa na pale. Akauliza hapa ni wapi na pale ni wapi. Angefaa sana kuwa polisi. Binti yake, Mektilda wangu, alikuwa jikoni, anasikia yote. Niliondoka bila kumaliza uji.

Mchana nikapita kwa Bwana Khatibu. Mwaka juzi alikuwa anauza mitumba sokoni hapa Bariadi. Siku hizi kila kitu ruksa, naye ana kampuni ya uwindaji. Imeingia habari kwa redio kutoka Arusha. Mgeni anakuja kuwinda nyati, daktari wa meno huko kwao. Anauliza: aje na bunduki moja au mbili?

Nikasimama pale kama niliyepigwa na radi. Kambi ina mbeba bunduki mmoja tu, Mashimba. Bunduki moja, bega moja. Bunduki mbili, mabega mawili. Na mimi bega ninalo.

Jumanne, 5 Julai

Nimebishana asubuhi nzima. Bwana Khatibu anataka moja. Ya pili ina kibali chake, risasi zake, na usumbufu wake kule uwanja wa ndege. Mzee Doto, bwana nyama mstaafu wa idara ya wanyamapori anayeongoza wageni porini, akasema mtu aliyeizoea bunduki yake, moja inamtosha. Anayekuja na mbili hajaizoea hata moja.

Nikasema je, ikikwama? Ikianguka mtoni? Nikasema hakuna mwenye akili anayesafiri bila tairi la akiba. Bwana Khatibu akageuka kutazama nje. Nikajua nimeshinda. Kumbe alikuwa anakumbuka kwamba Land Rover yake haijawahi kuwa na tairi la akiba, na inafika.

Ikabidi nitumie silaha ya mwisho. Nikasema nimesikia wageni wa kampuni nyingine wote wanakuja na mbili. Nilisikia wapi, sijui. Bwana Khatibu aliinuka hapo hapo akaenda kwenye redio. Mbili!

Mzee Doto aliniangalia tu, akaendelea kusafisha meno kwa mswaki wa mti.

Alhamisi, 7 Julai

Nimeajiriwa. Mbeba bunduki ya pili. Nimewaambia watu wote sokoni, na wale ambao hawakuuliza pia. Mzee Luhende amesema kazi nikiimaliza vizuri, niende nyumbani kwake tuzungumze. Mazungumzo yenyewe ni Mektilda.

Nafanya mazoezi na mchi wa mama. Mama anauliza mahindi atatwangia nini. Mashimba naye amenipa darasa bila kuombwa. Eti nikae nyuma ya mkono wa kulia wa mgeni, nisisogee hata nikiumwa na siafu, kwa sababu mgeni hatageuka kunitazama. Atanyoosha mkono tu, na bunduki iwe pale. Nikamwambia najua. Anaringa mno, huyu, kwa mtu anayelipwa kubeba.

Jioni nilimwona mama yake Mektilda, Mama Apolonia, anakuja barabarani. Nikaacha njia, nikachutama nyuma ya marobota ya pamba mpaka akapita. Mkwe ni mkwe, kwetu hukutani naye uso kwa uso. Mektilda kanicheka. Kasema mimi si mkwe wa mtu bado, hata mshenga sijatuma. Nikamwambia heshima inaanza mapema. Kasema basi nisiizidishe.

Jumatano, 13 Julai

Mgeni amefika. Mrefu, mpole, meno yake mazuri. Ameleta mbili. Kanipa ya pili kwa mikono yake mwenyewe, nami nikaipokea kwa mikono miwili, nikainama kidogo. Nzito! Mchi wa mama ni unyoya.

Mashimba kaniuliza kama nakumbuka mkono wa kulia. Nikaenda kuipangusa bunduki yangu.

Alhamisi, 14 Julai

Sijui nianzie wapi.

Tulitoka alfajiri, upande wa pori mbele ya Mwamapalala. Tukamkuta nyati karibu na korongo, dume, peke yake. Mashimba akampa mgeni bunduki ya kwanza. Mimi nipo nyuma ya mkono wa kulia kabisa. Siafu hakuna. Mgeni analenga. Nilijiona tayari nimekaa kwa Mzee Luhende, naletewa kiti chenye mgongo.

Basi kwenye kijia cha pembeni akatokea mwanamke na mzigo wa kuni kichwani. Mama Apolonia.

Ningefanya nini? Nisimame nikamkodolea macho mkwe wangu? Nikaacha njia. Nikaingia nyuma ya kichaka, nikachutama, nikampa mgongo, bunduki ya pili mapajani. Akaona viatu vyangu. Akanisalimu kwa Kisukuma, salamu ya asubuhi: mwangaluka. Nikaitika, mwangaluka mayu, yaani mama. Akauliza habari za nyumbani. Nzuri. Mama? Mzima. Ng'ombe? Wazima. Pamba? Ndiyo tunauza. Salamu za mkwe hazikatwi katikati, hata mtoto anajua.

Mlio wa bunduki ukasikika. Akauliza kama huo ni wetu. Nikasema ni wetu, mayu. Akanitakia kazi njema, akaenda zake.

Huko nyuma, risasi ilikuwa imepiga pembe tu. Ganda la risasi likakwama bundukini. Nyati akageuka. Mgeni, macho mbele, akanyoosha mkono wa kulia. Hewa. Akanyoosha tena. Mashimba, kwa kukosa cha kumpa, akampa chupa ya chai.

Niliporudi mgeni alikuwa juu ya mgunga, mti wa miiba mirefu, na chupa bado anayo. Mzee Doto akapiga risasi hewani. Nyati naye akaacha njia. Kumtoa mgeni mtini na kumchomoa miiba kulichukua muda mrefu kuliko uwindaji wenyewe.

Mgeni aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema kwa mkwe. Mzee Doto alimtafsiria, akaeleza na mila yenyewe. Mgeni akaandika jambo kwenye kidaftari chake, kwa mkono wa kushoto; wa kulia ulikuwa umevimba kwa miiba.

Ijumaa, 15 Julai

Nimefukuzwa. Mashimba sasa anabeba zote mbili, moja kila bega. Eti hata hazimlemei.

Jumapili, 17 Julai

Mzee Luhende ameniita. Nilikwenda nikijua nakataliwa. Kumbe Mama Apolonia tangu Alhamisi hana habari nyingine. Kijana ameshika bunduki, nyati yuko mbele yake, na bado ameacha njia na kumaliza salamu zote! Mkwe kama huyo hajapata kumwona. Kiti chenye mgongo kililetwa kweli. Mektilda alipita na maji, akanitazama vizuri.

Kisha mzee akauliza kazi inaendeleaje. Nikasema niko likizo. Akasema likizo ikiisha nitume mshenga, si kabla.

Mektilda alinisindikiza hadi kwenye uzio wa minyaa. Anataka nikamwombe Mashimba msamaha, niombe walau kubeba maji. Mimi, maji! Nimefikiri njia nzima na kosa nimeliona. Bunduki mbili zilikuwa chache. Ya kwanza iko kwa mgeni, ya pili wakati wowote inaweza kuwa kwa mkwe. Inatakiwa ya tatu.

Asubuhi nakwenda kwa Bwana Khatibu kumweleza. Na kwa Mzee Luhende nimesharudi kumwambia likizo inaisha kesho.