Dawa ya Kichina na Mkono wa Musyoka

Jumatatu, 4 Julai 1994

Mama amekuja tena. Safari hii hakuja na maneno matupu, kaja na picha. Msichana wa Mikindani, binti wa watu, mpole, ajua kupika. Mama akasema miaka minane ya ndoa yatosha, kama Kulthum hazai basi aletwe anayezaa, dini yaruhusu. Kulthum alikuwa papo hapo akishona kofia. Hakuinua kichwa. Alimwongezea Mama chai tu.

Simtaki msichana wa Mikindani. Namtaka Kulthum. Naliandika hapa kwa sababu kulisema siwezi. Tena nina hofu nyingine: huyo wa pili naye asiposhika mimba, Mtopanga nzima itanigeukia mimi. Kwa hiyo nimemwomba Mama anipe mpaka mwisho wa mwezi. Nina mpango. Changamwe kuna daktari wa Kichina anayewatibu kwa mizizi watu wasiopata watoto. Changamwe ni mbali na Mtopanga. Hakuna anijuaye.

Jumatano, 6 Julai

Tumekwenda. Dukani kwangu Bombolulu, ninapotengeneza redio, nilisema nakwenda mazishini.

Daktari Lin yuko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Hana mashine hata moja. Anakushika mkono, anaweka vidole vitatu pale mshipa unapopiga, anafumba macho kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Kisha anataka kuona ulimi. Alianza na Kulthum. Akatabasamu. Akaja kwangu. Tabasamu likaondoka. Akashika mkono wa pili. Akakunja uso.

Mkalimani wake ni Gershom, mtu wa Taita, ana adabu zake. Alimwomba Kulthum akangoje nje, ndipo akaniambia kwamba mke wangu hana tatizo lolote. Dawa ni yangu. Mshipa wangu, asema daktari, umechoka.

Umechoka! Mshipa wa mtu aliyepanda ngazi zile bila kupumzika!

Nilitoka na mfuko wa karatasi mkononi. Kulthum akaniuliza daktari kasemaje. Nikasema dawa ni yake, anywe asubuhi na jioni. Maneno yalitoka yenyewe. Alisema inshallah, akaupokea mfuko kwa mikono miwili. Mimi nikajifanya nafunga kamba za viatu. Na kwani kuna ubaya gani? Dawa imeingia nyumbani, na nyumba ni moja.

Alhamisi, 7 Julai

Kulthum kachemsha. Ndani ya mfuko mna magome, mizizi, matunda madogo mekundu yaliyokauka, na vipande vyembamba vya pembe. Harufu yake ni ya viatu vya mvua vilivyosahauliwa uvunguni. Ua wetu ni mmoja na wapangaji wengine, kwa hiyo haikuchukua muda Musyoka alikuwa mlangoni kuuliza kama kuna kitu kimetufia ndani.

Huyu Musyoka ni mtu wa kiwandani, ametoka Ukambani na mkewe Mwikali, na wana watoto sita. Sita! Nguo za watoto hao huanikwa kwenye kamba yangu, mbele ya dirisha la Kulthum. Nimelalamika mpaka nimechoka. Musyoka hujibu kwamba jua ni la Mungu.

Kulthum alikunywa kikombe cha asubuhi kwa bismillahi, ameziba pua. Cha jioni kikaishia mdomoni. Akauliza pembe ile ni ya mnyama gani, na nani aliyemchinja. Nikasema sijui. Akakiweka kikombe chini. Akasema bora afe bila mtoto kuliko kutia haramu tumboni mwake.

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hili.

Ijumaa, 8 Julai

Hotuba yote ya msikitini sikuisikia, nilikuwa nafikiri. Ufumbuzi ukanijia nikiwa navaa viatu. Nilirudi nikamwambia Kulthum kwamba daktari ni Mwislamu. Waislamu China wamo, tena wengi, kwa hiyo hapo sijadanganya sana. Ningenyamaza hapo ingekuwa vizuri. Nikaongeza kwamba jina lake hasa ni Hajji Yusuf Lin. Nikaongeza kwamba ameshahiji mara mbili.

Kulthum alifurahi mpaka akalengwa na machozi. Akanywa kikombe chote. Mama aliposikia naye akaanza kumwonea huruma: hajji wa watu, katoka mbali kote huko, nani anayempikia? Nimelala mapema. Siku ya mafanikio.

Jumatatu, 11 Julai

Nimerudi kutoka Bombolulu, nyumba tupu. Musyoka, kwa furaha kubwa, akanieleza kwamba mke wangu na mama yangu wametoka na mabuibui yao, wamebeba sinia la mahamri na ile kofia aliyokuwa akinishonea mimi. Wamekwenda Changamwe kumsalimu Hajji.

Niliketi kizingitini.

Wamerudi magharibi. Mama alipita mbele yangu bila salamu. Kulthum ndiye aliyenieleza, polepole, kama anayesimulia habari za watu wengine. Mama alimtolea daktari salamu ndefu, daktari akainama. Mama akauliza kibla kiko wapi, aswali alasiri. Gershom akauliza, Hajji gani? Kisha Kulthum akauliza habari ya pembe. Gershom akamjibu kwamba ile ni pembe inayoanguka yenyewe kila mwaka, mnyama hachinjwi. Lakini akashangaa kwa nini aulize yeye, maana dawa ile ni ya mume wake, mwanamke haimfai.

Kulthum hakupaza sauti. Alisema kila arusi, kila matanga, wanawake humuuliza bado tu, naye huinamisha macho. Miaka minane ameinama. Alisema ningemwambia siku ile palepale ngazini, angeendelea kuinama kwa ajili yangu, na hata Mama asingejua. Alitaka kuambiwa tu.

Aibu ilinishika kweli, ikakaa nami mpaka chakula kilipoiva.

Jumanne, 12 Julai

Mama amekwenda kwa mwalimu wa madrasa na suala la pembe. Mwalimu kasema hapana neno. Mwalimu huyu sikuwahi kumpenda.

Sasa kikombe ni changu. Mama yuko kitini mbele yangu, picha ya Mikindani kaifungia mkobani. Nimemeza funda moja. Sirudii. Nimebuni njia: naijaza mdomoni, naondoka kama mtu anayekwenda kukohoa, naitema chini ya mpapai.

Jumapili, 24 Julai

Mfuko umekwisha. Mpapai umenawiri. Kesho ni siku ya kurudi Changamwe kupimwa tena.

Kulthum anaimba jikoni. Sijamsikia akiimba tangu mwaka juzi. Leo kanishika mkono, kaweka vidole vitatu kama alivyoona kwa daktari, akasema yeye anausikia mshipa una nguvu sasa. Nikautoa mkono upesi.

Lakini jana nilikwenda kupeleleza, na bahati imenisimamia. Gershom amekwenda kwao Taita. Daktari Lin amesafiri, kamwacha nduguye ambaye hajaniona hata siku moja. Mkalimani naye mpya. Nilikuwa nimeketi uani nikilifikiria jambo hili, Musyoka akapita na watoto wawili juu ya mkono mmoja na wa tatu shingoni. Nikautazama mkono ule. Mkono wa baba wa watoto sita!

Nilimwita pembeni. Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akakumbuka kwamba kesho yuko zamu ya usiku, mchana ana nafasi. Alitaka kamba yote ya kuanikia, mwanzo hadi mwisho, na nisimsumbue tena maishani. Nimempa.

Jumanne, 26 Julai

Jana Musyoka aliketi pale kwa daktari kwa jina langu, Badi. Mimi niliketi kando, nikijifanya ndugu yake. Yule Mchina alimshika mkono, akacheka, akampiga bega, akasema mtu huyu ni mzima na dawa haihitajiki.

Niliipeleka habari nyumbani kama mtu aliyepeleka kombe la mpira. Mama akasema alhamdulillahi, akalia. Kulthum naye akasema alhamdulillahi. Kisha akauliza: ni dawa iliyoniponya, au daktari alionaje? Hapo nikataka kuipamba habari. Nikasema dawa wapi, huyu wa sasa ni bingwa, kasema sikuwahi kuwa na tatizo tangu nizaliwe, yule wa kwanza alikosea.

Uso wake niliuona baadaye, maneno yameshatoka. Aliketi kitandani. Akasema basi ni yeye. Akasema ni kheri kujua.

Leo asubuhi Mama kafungua mkoba, katoa picha. Kulthum mwenyewe ndiye aliyeipokea. Akasema binti ana uso mzuri. Akasema chumba cha nyuma chaweza kupakwa chokaa, na vyombo vyake vya kushonea atavihamisha. Anavihamisha sasa hivi ninavyoandika. Namsikia akiburuta sanduku.

Naweza kusema. Ni sentensi fupi: mkono ulikuwa wa Musyoka. Nimeijaribu dukani peke yangu, ikatoka vizuri. Nimerudi nayo, nimesimama nayo mlangoni mwa chumba cha nyuma. Kulthum akauliza kama nataka chai. Nikasema ndiyo.

Lakini mambo hayajaharibika. Nimelala juu ya kitanda nikafikiri, na njia nimeiona. Musyoka atarudi Changamwe kabla ya mwisho wa mwezi, kwa jina langu tena, aambiwe ana tatizo. Nimekwenda kumweleza. Asile kitu tangu kesho, na zile ngazi azipande na gunia la mkaa mgongoni, mshipa upate kuchoka. Amekubali, ila safari hii anataka redio yangu kubwa. Nimempa.