Mpapai Dume wa Mwanao

Kwa Mama Mkwe Mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepunguza kuuma na kuku wanataga. Huku hatujambo, isipokuwa mmoja wetu, ambaye ni mwanao, na ndiye sababu ya kukuandikia kwa heshima zote.

Unaijua bustani yetu iliyo nyuma ya jiko. Nasema "yetu" kwa adabu tu. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe; mwanao yumo mwaka wa kumi, na jembe bado analiita "hicho kitu chako". Hilo nimelisamehe. Kufundisha watu udereva kutwa nzima kunachosha, na jembe halina usukani. Nisilolisamehe ni kwamba mtu asiyejua kutofautisha mbolea na udongo naye ana mimea yake aipendayo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mbigili. Ndiyo, mama, mbigili hii hii inayotoboa kandambili. Iliota yenyewe kwenye njia ya kwenda kuanika nguo. Mwanao akaizungushia matofali, eti vimaua vyake vya manjano "vinachangamsha asubuhi". Mimi napita hapo na beseni kichwani, nikirukaruka kama kuku aliyekanyaga makaa.

2. Mpapai dume. Unakula mbolea yangu, umezinyima nyanya zangu jua, na kila mwaka unatoa maua bila hata papai moja la kumlaghai mtoto. Nikisema tuukate, ananijibu, "Mwache mwenzangu apumzike." Apumzike! Kwa kazi gani aliyoifanya?

3. Jumapili alikuja shemeji na mkewe. Mwanao akawatembeza bustanini. Nyanya akazipita, bamia akazipita, mchicha unaomlisha akaupita bila kugeuza shingo. Akasimama penye mpapai, akaupigapiga kama dalali anayenadi ng'ombe, akasema, "Huyu nimemlea kwa mkono wangu." Nami nipo hapo hapo, ndoo mkononi, tope hadi magotini. Mke wa shemeji akanigeukia kwa huruma: "Na wewe dada, kilimo hukipendi?" Mama, nilicheka kicheko ambacho mimi mwenyewe kilinitisha.

4. Kwa kuwa kisichozaa hukatwa, na kwa kuwa mwanao na mpapai wameshatangaza undugu, naomba kwa unyenyekevu uje uwachukue wote wawili. Uje na lori. Mpapai nitaung'oa mwenyewe, maana tukimwachia yeye utafika kwako umekufa. Yeye hana haja ya kung'olewa. Hajawahi kushika mizizi kwenye kazi yoyote ya hapa. Mpande popote penye kivuli, umpe maji kiasi, na usitarajie matunda. Lori likichelewa, nimeshamwita fundi wa kukata miti, anakuja kesho.

Wajukuu zako wanakuamkia. Nisalimie baba mkwe, mawifi wote, na yule jirani yako anayenong'ona hadi mtaa wa pili wakasikia.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Mwenye Jembe

Tanbihi: Barua imelala hapa, sikupata wa kuileta. Mwanao amesafiri kikazi tangu Jumanne. Fundi alikuja na shoka lake asubuhi. Nimempa chai, nikamrudisha kwake. Jioni mwanao akapiga simu, na kabla hata ya salamu akauliza kama mwenzake mzima. Nikamwambia, "Mzima, ila anakuulizia sana, rudi upesi." Lori usilete.