Mawe kwenye Pamba

Jumatatu, 12 Mei 2025
Mwaka huu Rupert amekwisha! Kila Jumapili ya mavuno jirani huyu hutangulia maandamano ya matoleo na mahindi ya shamba lake la kule Maposeni, kifua mbele, kana kwamba mahindi aliyagundua yeye. Katekista humteua mwenye zao bora katika jumuiya yetu ndiye atangulie. Mimi hufuata nyuma na kikapu cha mihogo. Basi! Nina pamba nyuma ya nyumba, na nina Careen, binti wa dada yangu, anayesomea mimea chuo kikuu. Leo kaja kusalimia. Kanieleza kwamba kila uzi wa pamba ni seli moja tu. Jeni zake huamuru ukuta wa seli urefuke kwanza, halafu unenepe mpaka uwe imara. Nikauliza kama mtu anaweza kuusaidia kurefuka. Akasema, mjomba, iache pamba ifanye kazi yake. Wasomi wana wivu.

Jumanne, 13 Mei
Nimefunga jiwe kwenye kila tunda bichi la pamba. Jiwe linavuta tunda, tunda linavuta nyuzi, jeni zinasalimu amri. Mke wangu Aurelia kauliza pamba imekosa nini mpaka inyongwe. Rupert naye kachungulia uani, akataka kujua mawe ni ya nini. Nikamwambia ni sayansi, inarefusha mazao. Zaidi ya hapo ni siri. Kaondoka mbio. Ameogopa!

Ijumaa, 16 Mei
Balaa. Matunda yote chini, pamoja na mawe yake. Nimepasua moja: nyuzi ndefu, lakini zimelowa, teketeke, ukizigusa zinakatika. Nikampigia Careen. Akasema urefu zilishaupata zenyewe, kuta zilikuwa ndiyo kwanza zinanenepa, nami nimezikatisha. Kisha akacheka mpaka simu ikakatika. Nilitaka kulia. Nikala kwanza.

Jumamosi, 24 Mei
Limebaki moja! Lilijificha chini ya majani, sikuliona siku ya mawe. Leo limepasuka lenyewe, jeupe, nyuzi ndefu na ngumu. Careen kazivuta, zimekataa kukatika. Na kuna habari tamu zaidi. Rupert alikimbilia Maposeni kufunga mawe kwenye mahindi yake! Mabua yamevunjika yote. Nguruwe wamefaidi.

Jumapili, 25 Mei
Nimetangulia! Tunda langu moja juu ya sinia kubwa, kwaya inaimba, Aurelia anapiga vigelegele. Katekista alilishika kwa vidole viwili, akasema hajaona pamba nzuri hivi. Nyuma yangu, Rupert na kikapu cha mihogo. Nilimwazima mimi.

Baada ya misa Careen kaninong'oneza kwamba lile tunda limefaulu kwa sababu sikuligusa. Upuuzi. Liliona wenzake walivyotendwa, likarefuka kwa woga. Mwakani natumia mawe makubwa zaidi. Rupert kakubali kuniuzia yake.